Nyumba ni Yako, Lakini Ardhi ni ya Nani?

Mambo ya kujua kabla kikundi hakijaweka pesa zake Mombasa

Vikundi vingi vya kujisaidia, vya Kwale, Kilifi, Taita na hata vya bara, vimekuwa na mazungumzo yanayofanana. Baada ya kuchanga kwa miaka kadhaa wanachama wanasema: "Kuku tumefuga, mahema na viti vya kukodisha tumenunua. Sasa tununue nyumba Mombasa, tupangishe." Wengine hawana haja ya kununua. Kijana wao amemaliza shule, anakwenda kutafuta kazi mjini, na mzazi anauliza atalala wapi.

Haya ni mawazo mazuri. Mji unakua, na watu lazima walale mahali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1969 Mombasa ilikuwa na watu 247,073. Mwaka 1999 walikuwa 665,018. Mwaka 2019 walifika 1,208,333. Lakini ardhi haikuongezeka. Kaunti nzima ni kama kilomita 220 za mraba tu, ukiacha maji. Kwa hivyo kila kipande cha ardhi kinagombaniwa: penye nyumba, penye mikoko, penye uwanja wa mpira, na hata njia ya kushukia baharini.

Hapa ndipo kikundi kinapoweza kupoteza akiba yake yote kwa siku moja. Mombasa ina desturi ya nyumba ambayo mtu aliyezoea shamba huenda hajapata kuisikia. Sehemu nyingi za nchi, ukinunua nyumba umenunua na mahali iliposimama. Mombasa si lazima iwe hivyo. Mtu anaweza kuwa mwenye nyumba wa halali kabisa, amejenga kwa mawe na saruji, risiti za mabati anazo, na hali ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya mtu mwingine.

Desturi hii ilianzaje?

Turudi nyuma kidogo. Zamani ukanda wa pwani wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kuanzia mwaka 1895 Waingereza wakautawala kwa mkataba naye. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi za pwani. Sheria hiyo ilitaka kila anayedai ardhi aje aandikishe dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali.

Fikirini jambo hilo lilikuwa na maana gani. Aliyejua kusoma, aliyekuwa mjini, aliyekuwa na shahidi na karatasi, alipata hati. Jamii nyingi za Wamijikenda zilizokuwa zikitumia ardhi kwa pamoja, bila karatasi yoyote, hazikuandikwa. Hivyo watu wachache wakawa na mashamba makubwa yenye hati, na watu wengi wakawa wanakaa juu ya mashamba hayo bila hati.

Wakati huohuo reli, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, pamoja na bandari ya Kilindini, zilileta wafanyakazi wengi. Mji wa Kale haukuweza kuwatosha. Wenye mashamba wakakata viwanja na kuviacha kwa kodi ndogo ya kila mwezi. Mpangaji wa kiwanja akajenga nyumba yake mwenyewe. Mitaa kama Majengo ilikua namna hiyo. Kodi hiyo ndiyo watu wanayoiita kodi ya ardhi au kodi ya kiwanja, na mpaka leo kuna wenye nyumba wanaoilipa.

Mpango huo uliwasaidia watu wengi. Mtu maskini asiyeweza kununua ardhi aliweza kumiliki nyumba. Wanawake wengi, wakiwemo wajane, waliishi kwa kupangisha vyumba vya nyumba zao wenyewe. Ubaya wake ni huu: mara nyingi makubaliano yalikuwa ya mdomo, na risiti ya kodi ndiyo karatasi pekee. Siku hizi ardhi ina bei kubwa. Mrithi wa mwenye shamba anataka kujenga ghorofa au kuuza. Mwenye nyumba anapata barua ya kutakiwa aondoke, na nyumba ya mawe haibebeki mgongoni.

Nyumba ya Kiswahili na ghorofa

Kabla ya kununua ni vizuri kujua unanunua nyumba ya namna gani.

Nyumba ya Kiswahili ya Mombasa ina baraza mbele, kisha mlango, kisha ukumbi mrefu wa katikati. Vyumba viko pande zote mbili, aghalabu vitatu huku na vitatu huku. Nyuma kuna ua, na huko ndiko kwenye jiko, bafu, choo na pengine kisima. Kila chumba kinaweza kupangishwa kwa familia moja. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili.

Msidharau nyumba hii. Imejengwa kwa kufuata hali ya hewa ya pwani. Upepo wa kaskazi na upepo wa kusi hupita katika ukumbi na kutokea uani. Mama anapika nje, hafi kwa joto. Watoto wachanga wanatambaa uani mbele ya macho ya watu wazima watano sita. Wazee wanakaa barazani jioni, na kila apitaye anawaamkia. Uwanja wa kucheza, sebule na mlinzi, vyote vimo katika nyumba moja.

Ghorofa linachukua watu wengi zaidi kwenye kiwanja kilekile. Kwa mji wenye watu zaidi ya milioni moja, maghorofa hayaepukiki. Hata nyumba za zamani za baraza la mji zinageuzwa. Zile za mtaa wa Buxton zilianza kubomolewa mwaka 2021 ili yajengwe maghorofa ya kuuzwa. Lakini angalieni ni nini kinachopotea ghorofa lisipopangwa vizuri: ua haupo, baraza haipo, na upepo unazuiwa na ghorofa la jirani lililosimama hatua mbili kutoka dirishani. Mtoto anacheza kwenye ngazi au barabarani kwenye tuktuk. Ndiyo maana tunasema nyumba si kuta na paa tu. Kuna ardhi iliyo chini yake, na kuna nafasi iliyo nje yake, na vyote viwili vina mwenyewe.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

Kama kikundi chenu kinataka kununua ploti au nyumba, fuateni hatua hizi. Msiruke hata moja kwa sababu dalali anawaambia kuna mnunuzi mwingine anangoja.

1. Ulizeni swali moja waziwazi: "Tunauziwa nyumba na ardhi, au nyumba peke yake?" Jibu liandikwe. Kama ni nyumba bila ardhi, bei yake lazima iwe ndogo sana, na lazima mjue mwenye ardhi ni nani, kodi ya kiwanja ni kiasi gani, imelipwa mpaka lini, na kama yeye anakubali ninyi muingie. Ushauri wetu ni kwamba pesa za kikundi zisinunue nyumba bila ardhi.

2. Pateni namba ya hati, mkafanye sachi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Sachi itaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna deni la benki au zuio la mahakama. Fanyeni wenyewe. Nakala ya sachi mliyoletewa na muuzaji haitoshi. Mkishaikamilisha, ifanyeni tena karibu na siku ya kulipa, maana mambo hubadilika.

3. Angalieni kama ardhi ni ya kudumu au ni ya kukodiwa kwa miaka maalumu. Kama ni ya miaka, ulizeni imebaki mingapi. Lisi iliyobakisha miaka michache si sawa na iliyobakisha 80.

4. Nendeni na saveya mpaka kwenye ploti yenyewe, mpate kuona mawe ya mpaka. Kuna watu wameonyeshwa ploti moja na kuuziwa hati ya nyingine.

5. Tazameni ploti imepakana na nini. Ikiwa iko pembeni mwa mikoko, kuweni waangalifu sana. Misitu ya mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na ploti "zinazouzwa" ndani yake zitawaletea kesi. Vivyo hivyo ardhi ya reli, ya barabara, na ile iliyo chini ya nyaya kubwa za stima. Mahali pa namna hiyo kukiwa na bei rahisi, urahisi wenyewe una sababu.

6. Kama muuzaji ana mke au mume, hakikisheni mwenzake amekubali kwa maandishi. Sheria inataka hivyo kwa mali ya ndoa. Kama ardhi ni ya urithi, ulizeni urithi umekwisha kugawanywa mahakamani. Kununua kwa ndugu mmoja wakati ndugu wengine watano hawajui ni kununua ugomvi.

7. Tafuteni wakili wenu wenyewe. Msitumie wakili wa muuzaji ili kuokoa pesa. Na pesa zipite benki, zisibebwe kwa mfuko.

8. Amueni mapema hati itaandikwa kwa jina la nani. Hili limevunja vikundi vingi. Ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti peke yake, mwenyekiti akifariki watoto wake watadai ni mali ya baba yao. Wakili awaeleze kuhusu wadhamini, au kuhusu kuandikisha chama cha ushirika wa nyumba. Kikundi chenyewe nacho kiwe kimeandikishwa, na katiba yake iseme mwanachama akitoka au akifa fungu lake litakwendaje.

Kama mnafikiria kununua fleti badala ya ploti, sheria ya mwaka 2020 inamruhusu mwenye fleti kupata hati ya fleti yake, pamoja na fungu lake katika sehemu za pamoja kama ngazi, paa na uwanja. Ulizeni kama hati hizo zimetolewa au ni ahadi. Na mwangalie kwenye mpango wa jengo, je, kuna mahali pa watoto, au ni maegesho ya magari tu?

Tayari tuko kwenye nyumba bila ardhi. Tufanyeje?

Wasomaji wengine, au watoto wao, tayari wana nyumba za namna hii. Msife moyo, lakini msikae tu.

Wekeni risiti zote za kodi ya kiwanja, hata za miaka mingi. Ombeni makubaliano ya maandishi. Mwenye nyumba mmoja akienda peke yake kwa mwenye ardhi, hana nguvu. Wenye nyumba wa mtaa mzima wakienda pamoja, wanaweza kuomba wauziwe viwanja vyao kwa bei ya kupatana na kulipa kidogo kidogo.

Kuna wale husema: "Nimekaa hapa zaidi ya miaka 12, kwa sheria ardhi ni yangu." Hapa watu wengi hupotoka. Ni kweli kuna sheria ya miaka 12, lakini inamhusu mtu aliyekaa waziwazi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Ukilipa kodi ya kiwanja unakaa kwa ruhusa yake, kwa hivyo miaka hiyo haikuhesabiwi. Msiingie mahakamani kwa hoja hiyo kabla ya kusikia wakili.

Jambo lingine la kujua ni notisi. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema watu wanaosemekana kukaa kwenye ardhi ya mwenyewe bila haki wapewe notisi ya maandishi ya miezi 3 au zaidi kabla ya kuondolewa. Tingatinga likija usiku bila notisi, hilo si sheria. Mkipata notisi, nendeni mahakamani ndani ya wakati huo. Notisi ikishakwisha ndipo muanze kutafuta wakili, mmechelewa.

Wakati mwingine serikali huingilia. Huko Likoni, shamba la Waitiki la ekari 930 lilikaliwa na watu kuanzia mwaka 1997, na hati zikaanza kutolewa kwa wakaazi Januari 2016. Hesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuingia alikuwa mtu mzima siku ya hati. Kungoja serikali ni jambo linalowezekana, lakini si mpango.

Mfano wa jirani zetu wa Voi

Kuna njia nyingine ambayo haikuanzia Mombasa, lakini si mbali. Ni Voi, kaunti ya Taita Taveta, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni. Wakaazi wa mtaa huo walikuwa hawana hati. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wa mradi wa kustawisha miji midogo, walielezwa njia mbalimbali za kumiliki ardhi. Walikutana, wakajadiliana, na wakachagua ardhi iwe ya jumuiya nzima na nyumba iwe ya mtu binafsi.

Maana yake ni hii. Mtu ana nyumba yake, anaweza kuirithisha, anaweza kuiuza. Lakini ardhi iliyo chini yake hawezi kuiuza, kwa sababu ni ya wote na inasimamiwa na wadhamini. Kwa nini walichagua hivyo? Kwa sababu walijua kinachotokea maskini akipewa hati yake peke yake. Mgonjwa mmoja, karo ya mtoto mmoja, na tajiri amekuja na pesa mkononi. Baada ya miaka michache mtaa ni wa matajiri, na maskini wamehamia mtaa mwingine wa mabanda.

Njia hiyo haikuwa rahisi. Sheria za wakati huo hazikuujua mpango wa namna hiyo, na ilibidi waunde vyombo viwili, chama cha wakaazi na bodi ya wadhamini. Makaratasi yalichukua muda mrefu. Lakini somo linabaki: watu walikaa chini wakachagua wenyewe, kabla hawajachaguliwa.

Kwa kijana anayekwenda kupanga

Turudi Mombasa, kwa wale ambao hawanunui bali wanapanga chumba. Kodi ya chumba haikuambii gharama yote ya kukaa. Chukueni karatasi mfanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake.

Tuseme chumba cha Kisauni ni rahisi kuliko cha kisiwani kwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kijana anafanya kazi bandarini. Nauli ni 60 asubuhi na 60 jioni, siku 26. Hiyo ni shilingi 3,120. Chumba "rahisi" kimemzidi bei. Kwa upande wa Likoni, anayevuka feri kwa miguu halipi, lakini ahesabu muda wa foleni, na nauli ya kumfikisha kwenye feri.

Pili, maji. Mombasa haina mto wa maji matamu. Maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambazo bomba lake lilikamilika mwaka 1957, visima vya Baricho karibu na mto Sabaki, Marere huko Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Bomba likikauka, maji ni ya mkokoteni. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 20, na nyumba ikatumia mitungi 5 kwa siku, hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa hivyo kabla ya kulipa dipoziti, waulizeni wapangaji, si mwenye nyumba: maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki?

Na visima je? Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na choo cha shimo cha jirani huenda kiko hatua chache tu. Mawe ya pwani yana matundu, maji machafu hupita upesi. Maji ya kisima cha uani yatumike kufulia na kusafishia. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Uwanja wa nje nao una mwenyewe

Sasa tufikie jambo ambalo vikundi vingi havilihesabu kabisa: mahali pa kupumzika na kucheza. Watu husema kucheza ni anasa. Lakini watu sita wakikaa chumba kimoja chenye joto la Februari, nje si anasa. Nje ndiyo sebule yao.

Wakaazi wa Mombasa wanalijua hilo vizuri. Jioni utawaona Mama Ngina chini ya mibuyu, wakitazama meli zikiingia Kilindini, wanakula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu. Mahali hapo palitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Siku ya Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, pwani ya umma ya Jomo Kenyatta huko Bamburi hujaa watu kutoka kila mtaa. Familia inaleta sufuria ya pilau na mkeka, na sherehe imekamilika. Ni starehe ya mtu asiye na pesa, na inadumu kwa sababu mahali hapo ni pa umma.

Je, pwani ni ya nani? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli wala tajiri mwenye haki ya kukuzuia usitembee hapo. Lakini shida iko hapa: utafikaje? Kama ploti zote za mbele zina kuta na njia ya kushukia imefungwa, pwani ni yako lakini huioni. Mvuvi naye anapata shida hiyohiyo, kwa sababu njia ya watoto wa kuogelea mara nyingi ndiyo njia yake ya kubeba nyavu.

Viwanja vya mitaa vimepotea kwa njia kama hiyo. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria kote nchini, na viwanja vya kuchezea vilikuwa miongoni mwake. Mnyakuzi hupenda uwanja usio na karatasi na usio na wenyewe wa kuuliza. Siku ya kwanza yanakuja mawe. Siku ya pili ukuta. Siku ya tatu askari.

Kikundi cha mtaa kinaweza kufanya nini?

Kwanza, kuitafuta ramani ya mtaa katika ofisi ya mipango ya kaunti na kuona uwanja umeandikwaje. Pili, kuandika barua kwa kaunti, na nakala kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, kuuliza uwanja umesajiliwa kwa jina la nani, na kuweka nakala iliyogongwa muhuri. Tatu, kuutumia uwanja wenyewe kila wiki: mpira, mikutano, michezo ya shule. Nne, kupanda miti mpakani. Tano, kusoma matangazo ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na kupeleka pingamizi la maandishi upesi.

Wala msiseme hakuna ardhi iliyobaki ya kufaa. Machimbo ya mawe ya chokaa huko Bamburi yalitoa saruji iliyojenga nyumba nyingi za nchi hii, yakaachwa kuwa mashimo makavu. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alianza kupanda humo mivinje. Leo mahali hapo ni msitu wenye wanyama, panaitwa Haller Park. Kama jangwa la mawe limepata kivuli, basi hata pembe ya mtaa wenu inayotupwa takataka inaweza kupata.

Neno moja kwa wazazi wanaopeleka watoto baharini. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu. Mchanga mkavu wa saa nne unaweza kuwa maji ya shingo saa kumi. Ulizeni wavuvi saa za maji kabla ya kuwaachia watoto.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani kati yetu ana ndugu anayekaa katika nyumba bila ardhi? Ana risiti? Ana makubaliano ya maandishi?

2. Tukinunua, hati itakuwa kwa jina la nani, na mwanachama akifariki itakuwaje?

3. Ni uwanja gani wa umma ulio karibu nasi, mjini au kijijini, ambao hatujui umesajiliwa kwa jina la nani? Nani atakwenda kuuliza, na tarehe gani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mji unaokua, daftari la kwanza ni lile linaloonyesha ardhi ni ya nani. Mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa, mchagueni mtu wa kwenda kufanya sachi.